Mkono Wake wa Kushoto, Mkono Wangu wa Kulia

Siku tulipojengea kaburi la mzee wangu Maduhu, hapa Somanda mjini Bariadi, tuliokuwepo ni hawa. Shija, mtoto wangu wa kwanza, mwenye nyumba na mwenye eneo ambalo kaburi lipo, tena mzee wa kanisa. Mbuke, mke wake Shija, ndiye aliyepika. Limbu, mdogo wake Shija, alitoka Lagangabilili anakofanya kazi kwenye ofisi za wilaya, akaja na saruji kwenye gari la kuazima. Kabula, binti wa Shija na Mbuke, mjukuu wangu, mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi. Fundi alikuwa Sayi wa Nyakabindi, na kibarua wake Doto, ambaye pacha wake Kulwa ndiye aliyetuchimbia choo mwaka ule wa mvua nyingi. Na mimi, Minza, mjane. Waliokuja kula tu sitawaandika, ingawa majina yao ninayo yote.

Sayi alipokuwa anasawazisha saruji ya mwisho aliniuliza, "Bibi, limekaa vizuri?" Nikamwambia limekaa vizuri, kwa sababu lilikuwa limekaa vizuri kweli, pembe zimenyooka, na yule fundi hana kosa lolote. Kosa lilikuwa mahali. Mume wangu alitaka kulala kijijini kwetu Kimali, kwenye zizi la ng'ombe la baba yake. Nilijua, nilisema, na bado tumemjengea Somanda, nyuma ya jiko la Mbuke, mahali ambapo moshi wa kuni unapita kila asubuhi kabla ya kwenda kwa jirani. Niliwaacha wakinawa mikono nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni iliyozimwa. Kwa watu wa nyumba ile televisheni ni ya taarifa ya habari na kwaya. Kwangu mimi ndipo mahali pa mwisho nilipoongea na mume wangu.

Nimesikia watu wakisimulia maisha yao. Huchagua mwaka wa ujana, mwaka wa jando, mwaka wa kuolewa, mwaka wa kwenda mjini. Mimi nikiulizwa ni mwaka gani ulinifanya niwe huyu niliye, siutafuti huko. Mwaka wangu ulinikuta na magoti mabovu na meno ya kuhesabika, nikiwa nimeshazoea kwamba yaliyobaki ni kungoja. Ulianza msimu wa kuvuna pamba, tulipomtoa Maduhu Kimali akiwa amepigwa na kiharusi. Hakukuwa na gari lingine, akalazwa kwenye lori la pamba, juu ya pamba yenyewe, nami nimekaa kichwani pake nikimfunika uso na khanga kwa ajili ya vumbi. Tulipofika Mwanhuzi dereva alisimama akapanda kumtazama. Akasema, "Mzee amelala pazuri kuliko sisi." Nakumbuka nilicheka. Sikujua kwamba kule nyuma tulikotoka hatutarudi.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na mguu wa kulia, na kikachukua maneno. Hakikuyachukua yote, kilimwachia neno moja, na neno lenyewe ni "haya." Ukimuuliza kama anataka uji, haya. Ukimuuliza kama hataki uji, haya. Ukimwambia mvua imenyesha, ukimwambia fulani amekufa, haya. Akili yake ilikuwa nzima, hilo naapa, ila kila alichotaka kusema kilipofika mdomoni kilitoka kwa jina hilohilo. Mwanzoni sisi wote hatukulielewa jambo hili. Tukiwa bado hospitali, Shija alimwinamia akamwambia, "Baba, ng'ombe wameisha kwa ukame, kule hakuna mtu aliyebaki, na hapa matibabu hayasubiri. Jilala yupo tayari kulinunua lile eneo la Kimali. Unasemaje?" Baba yake akasema, "Haya." Shija akanigeukia, machozi yanamlenga, akasema, "Mama, umesikia, amekubali." Na mimi nilisikia. Jilala ni mtu mwema, tulipakana naye miaka yote, mama yake Nkamba ndiye aliyenipokea mtoto wangu wa tatu, yule asiyeishi. Kwa hiyo Kimali ikawa ya Jilala.

Tulipewa sebule. Vyumba vya Shija vina milango myembamba na kiti cha magurudumu hakipiti, basi kitanda kikawekwa sebuleni chini ya dirisha, kati ya makochi yenye vitambaa vya Mbuke vya kufuma na magunia ya dengu ambayo Shija aliyaweka ndani stoo ilipojaa. Hewa ya chumba kile ilikuwa ya vumbi la dengu na dawa ya kuchua. Asubuhi namlisha uji wa ulezi kwa kijiko kidogo, nimeinua kidevu chake kama alivyoelekeza nesi. Mchana Mbuke akichemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nilikuwa namsagia vya kwake mpaka vinakuwa kama dawa. Alikula akiangalia pembeni. Mtu aliyewahi kuchinja dume peke yake, leo anapanguswa kidevu, na wageni wapo kwenye kochi wanaongea bei ya pamba wakijifanya hawaoni.

Nesi wa mazoezi alisema mkono mzima usikae bure, apewe kitu cha kuushughulisha, chochote anachokipenda. Tukampa punje za mahindi azichambue, akazimwaga. Limbu akaleta mpira laini wa kubinya, akautupa chini ya kitanda, na sidhani kama mpira ule umewahi kutolewa. Kabula ndiye aliyepata. Pale kibandani kwake vijana wanataka mpira wa miguu tu, mashine zote mpira wa miguu, na kulikuwa na gemu moja ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu lina kazi nyingi. Siku moja akaja na mashine ya zamani, akaichomeka kwenye televisheni ya baba yake, akasema, "Guku, hili ni la watu wazima." Guku ndivyo wajukuu wa kwetu wanavyomwita babu.

Nitalieleza lile gemu nilivyolielewa mimi. Unaona nchi kutoka juu, kama ndege anavyoona. Yupo mtu mdogo mwenye bunduki, huyo ndiye wewe. Jua likiwa limetoka unamtembeza anakata miti, anabeba mawe, anajenga: ukuta, nyumba, ghala, mnara wa mlinzi. Jua la kule linakwenda mbio, sufuria ya maharage haijachemka na wao wameshamaliza siku. Giza la kule likiingia honi inalia, na wavamizi wanatoka porini pande zote, wanavunja na kuchoma. Hapo kujenga kunakwisha, inakuwa kukimbia na kupiga risasi, vidole vinakwenda kama vya mtu anayepukuchua mahindi. Kukikucha unaokota kilichobaki unajenga tena, na wanaokuja safari inayofuata ni wengi zaidi. Nilimuuliza Kabula, mwisho wake wanashindwa lini? Akasema, "Hawashindwi, bibi. Unaangalia tu umeweza kukaa muda gani."

Kile kifaa cha kuchezea wanakiita padi, na kinataka mikono miwili. Upande wa kushoto ni kutembea na kuchagua mahali pa kujenga. Upande wa kulia ni kupiga. Maduhu alikuwa na mkono wa kushoto tu. Basi Kabula alikaa ukingoni mwa kitanda, wakakishika pamoja, babu kushoto, mjukuu kulia. Siku ya kwanza mtu wao aligonga kichwa kwenye mti mpaka honi ikalia. Siku zilizofuata nilikuwa nachagua mchele mlangoni nikaanza kusikia Kabula anabishana naye. "Guku, ukuta mmoja hautoshi. Guku, nyumba ya pili ya nini, tunamaliza miti." Anajibu, "Haya." Anaendelea kufanya la kwake. Nikainua macho kwenye kile kioo na ungo ukanielemea mapajani. Alikuwa anajenga kwetu.

Kule kwenye gemu kuna miti ya miiba, na yeye aliizungusha yote kuwa uzio wa duara, kama minyaa yetu ya Kimali ilivyozunguka. Nyumba yake upande mmoja, nyumba yangu upande wa pili, ghala nyuma ya nyumba yangu ambako mimi nilikuwa nasikia panya. Lango alilielekeza chini, kwetu sisi tunaotazama, ikawa kama sisi ndio wageni tunaokuja kupiga hodi. Na katikati zizi. Gemu lile halina ng'ombe, Kabula aliniambia kabisa hawamo, lakini zizi lilikuwepo, duara ndani ya duara, tupu. Kabula alikuwa anaumia roho na lile zizi. "Guku, hapo katikati ndipo pa mnara. Mnara ukiwa katikati unapiga pande zote." Akauweka mnara. Maduhu akamtembeza yule mtu mdogo mpaka kwenye mnara, akaubomoa. Kabula akauweka tena, akaubomoa tena. "Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue nikasikia kwamba haya zake hazifanani. Hii ilikuwa ya kukataa. Ilikuwa fupi, imekatwa mwishoni, na pua yake ilitanuka kama zamani alipoletewa bei mbaya.

Shule zilipofungwa kibanda cha Kabula kilijaa tangu asubuhi, akawa hawezi kukaa nasi. Akanivuta kitandani, akanishikisha upande wa kulia. "Bibi, hiki ni kupiga, hiki ni kukubali, hivi vingine achana navyo." Nilisoma mpaka darasa la nne na sijawahi kugusa hata kitufe cha kompyuta, lakini kidole gumba ninacho. Sisi wa umri wetu, mke na mume hawakushikana mikono mbele ya watu. Nilimzalia, nilimlimia, nililala naye boma moja tangu nikiwa msichana, na sikumbuki kuwahi kutembea naye nimemshika mkono. Sasa tunakaa bega kwa bega, mchana kweupe, sebuleni kwa watu, tumeshika kitu kimoja ambacho nusu yake ni yeye na nusu ni mimi. Wageni wakiingia nilikuwa naona aibu. Yeye hakuona.

Kwenye kupiga nilikuwa mbovu sana. Honi ikilia yeye alijaribu kunyanyuka kwenye mto, kwa sababu kwake ile haikuwa honi, ilikuwa mwano, yowe la kuitana watu wezi wa ng'ombe wanapoingia kijijini, na miaka yote aliitikia mwano akiwa mbele. Mkono wake ulimkimbiza yule mtu mdogo pale panapotakiwa, sawasawa, langoni kabisa. Kilichobaki ni mimi kupiga. Na mimi nilichelewa. Nabonyeza wameshapita. Nabonyeza kile cha kukubali badala ya kupiga, mtu wetu anasimama anajenga ukuta huku anachomwa mgongoni. Nyumba yangu ndiyo iliyotangulia kuungua kila mara. Mbuke alikuwa anapita na sufuria, anachungulia, "Mama, mmeshachomewa tena? Njooni mle, ugali haujachomwa." Tulicheka mimi na yeye. Maduhu hakucheka. Alingoja kukuche kule, akaanza upya, uzio kwanza, lango, nyumba yake, yangu, zizi. Alijua kesho litavunjwa. Mimi nilijua yeye anajua. Tulijenga hivyohivyo.

Limbu alikuja kututembelea akatukuta tunajenga. Akanisalimia, "Mwadila, mama." Nikamjibu, "Mwadila, baba," sikugeuka, maana nilikuwa nimeambiwa nisiachie. Akasimama nyuma yetu akitazama kioo. Wakati huo Maduhu alikuwa amemsimamisha yule mtu mdogo katikati ya zizi tupu na hakutaka kumtoa, machozi yanamshuka upande mmoja wa uso, upande ule mzima. Limbu alitoka nje. Nilimsikia kwenye baraza akimwambia kaka yake, "Baba analilia ng'ombe. Mpaka kwenye gemu anawajengea zizi." Shija akasema, "Nani asiyewalilia wale?" Wakakaa wanawataja, Sumuni, Karoti, Bibi Harusi, Mkorofi aliyemvunja Shija mkono, wanacheka na kusikitika. Nami nilikubali kwamba ndivyo. Mtu wa kwetu akisimama kwenye zizi tupu analia, utafikiri nini kingine?

Limbu aliporudi tena alikuja na mtamba. Mtamba mzima, mwekundu, mwenye doa kwenye paji, aliyeshushwa kwenye gari mbele ya majirani wa mjini wenye kuku na maua ya kwenye makopo. Akamfunga nje ya dirisha la baba yake, na Mbuke akampa jina palepale, Zawadi. Tulimwinua Maduhu tukamkalisha kwa mito. Limbu anamtazama usoni kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule. "Baba, tazama. Huyu ni wa kwako." Mzee alimtazama yule mtamba. Alimtazama vizuri, miguu, mgongo, kiwele, kwa jicho la mtu anayejua. "Haya," akasema, haya ya heshima, ya kushukuru mgeni. Kisha akageuza uso ukutani. Limbu alikaa kwenye gunia la dengu akashika kichwa. Tangu siku ile tukawa na ng'ombe mjini anayekula maganda ya ndizi na vitambaa vya Mbuke vikianikwa, na sababu ya machozi hatunayo.

Kulikuwa na jiwe. Tangu mwanzo, akimaliza zizi, alikuwa anaweka jiwe moja ndani, kulia mwa lango la zizi unapoingia. Jiwe peke yake kwenye gemu lile halina kazi, Kabula alisema, mpaka uyaunganishe yawe ukuta. Mimi nilidhani ni mkono umeteleza. Asubuhi moja, baada ya uji, mvua inapiga bati na Zawadi analia nje, akaweka lile jiwe kama siku zote, kisha akaweka la pili pembeni yake. Yakalala mawili. Akaachia padi. Mkono wake wa kushoto akauweka juu ya wangu wa kulia. Hapo ndipo nilipoona. Baba yake, mzee Masunga, alizikwa zizini, kama walivyozikwa wenye miji wote wa ukoo ule, chini ya kwato za ng'ombe wake. Kulia mwa lango. Na alama iliyowekwa juu yake ni jiwe la kusagia la mama mkwe wangu Holo, ambalo mimi mwenyewe nililikuta pale nilipoolewa nikakatazwa kulikalia. Nikamuuliza kwa Kisukuma, polepole, kama anataka kulala pale, kwa baba yake. "Haya," akasema. Sijui niiandike vipi ile. Ilikuwa ndefu, na pumzi iliyokuwa nyuma yake ilitoka yote.

Nilingoja Limbu aje ili niwaambie wote wawili pamoja. Tulikuwa tunakula, wali na maharage na nsansa, mboga ya majani ya kunde yaliyokaushwa, ya kuungwa na karanga. Niliwaeleza jiwe la kwanza, jiwe la pili, mkono wake juu ya wangu. Shija aliacha kula. Sio mtoto mbaya, msimwone hivyo. Ndiye aliyemgeuza baba yake kitandani kila siku ili asipate vidonda. Akasema, "Mama, kule si kwetu tena. Niende kwa Jilala nikamwambie nataka kufukua pamba yake kwa sababu ya gemu?" Nikamwambia si gemu, ni baba yako. Akasema, "Na kanisa niliambie nini? Mzee wa kanisa amemzika baba yake kwenye samadi?" Limbu akasema labda tumuulize mwenyewe. Tukaenda kitandani sote bila hata kunawa mikono. Shija akapiga magoti. "Baba, Mungu akikuita, tukulaze hapa, karibu na mimi, wajukuu wakuone?" "Haya." Shija akanitazama. Kisha akauliza, na sauti yake ilikuwa ya haki kabisa, "Au tukupeleke Kimali, zizini kwa babu?" "Haya." Mimi nilizisikia zile mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mtu anayempangusa mtoto wake machozi. Ya pili ilikuwa ileile ndefu. Nikawaambia, hamsikii zinavyotofautiana? Limbu akainama. Shija akasema, "Mama, mimi nasikia haya." Maduhu alikuwa ananitazama mimi, sio wao. Hakuwahi kunitazama hivyo hata siku ng'ombe wa mwisho alipoanguka. Tukarudi kula, na wali ulikuwa umepoa.

Baada ya hapo hatukuacha kujenga. Kila asubuhi boma, kila asubuhi mawe mawili, na mimi nilijifunza kupiga. Nilifikia kuwatoa watatu wanne kabla hawajafika kwenye nyumba yangu. Nilidhani, na ni mawazo ya mtu asiye na la kufanya, kwamba tukiweza kulinda boma lile mpaka kukuche bila kitu kuvunjika, Shija atapita, ataliona limesimama, ataelewa. Siku yake ilipofika tulikuwa tumejenga vizuri kuliko siku zote. Jua la kule likashuka, honi ikalia, nikaweka kidole gumba tayari, na yule mtu mdogo hakukimbia langoni. Alisimama palepale. Nikamsukuma Maduhu kwa bega, "Twende, baba Shija, wanakuja." Padi ilikuwa nzito upande mmoja. Nikaita, Mbuke akaja mbio na mwiko mkononi, Kabula akafika, akazima mashine. Alikufa kabla ya adhuhuri. Walimzika Somanda kwa kwaya nzuri, na Zawadi akachinjwa kwa ajili ya watu. Siku ile niliongea tena, nilimshika Shija koti mbele ya mchungaji nikamwambia Kimali. Wanawake wakanishika mabega wakanipeleka ndani, wakasema uchungu umemzidi bibi.

Basi siku ya kujengea kaburi, nimekaa pale mbele ya televisheni, Kabula akaja akakaa na mimi. Nikamwomba anionyeshe boma la guku wake. Akasita. "Bibi, mashine hutunza kila honi inapolia. Mliishia honi imeshalia. Nikifungua tu, wanaanza kuja. Na likivunjwa lote, linafutika." Nikamwambia nataka kuliona. Limbu alikuwa amesimama mlangoni, suruali ina saruji, ametusikia. Akaja akakaa upande wa kushoto, pale alipokuwa anakaa baba yake, akachukua nusu yake ya padi. Kabula akafungua.

Lilikuwepo. Uzio, lango linatutazama, nyumba yake, nyumba yangu, ghala la panya, zizi. Nilikuwa nataka kulitazama tu. Lakini walikuwa wameshatoka porini, na Limbu hajui kutembea kule, alimkimbiza mtu wetu pembeni kabisa kwenye miti, na mimi nilipiga, nilipiga kweli, hakuna risasi iliyofika. Nyumba yangu ikaungua kwanza. Ghala. Nyumba yake. Uzio ukafunguka pande zote. Wale wavamizi hutafuta vitu vyenye kazi, kisichokuwa na kazi wanakipita. Kukawa hakuna kilichobaki katikati ya majivu isipokuwa mawe mawili, yamelala pamoja, kulia mwa lango ambalo halipo. Limbu aliyatazama mpaka kioo kikaingia giza na maandishi ya kuuliza kama tuanze upya yakaja. Kabula akauliza tuanze? Nikasema zima. Limbu hakuniangalia. Alisema, "Mama, nilimletea ng'ombe." Akatoka nje, na nilimsikia anamwambia Sayi asiandike bado lile neno la "amelala hapa."

Tangu hapo Limbu amekwenda Kimali mara moja kuongea na Jilala. Mtu ukishamjengea humtoi, hilo tumeliacha. Alichoomba ni nafasi ya jiwe la pili, na Jilala amekubali, tungoje tu pamba ivunwe. Lakini anasema uzio ulishang'olewa, trekta imepita juu ya zizi lote, na jiwe la mama mkwe Holo dereva alilisogeza kando bila kujua, mke wa Jilala anafulia juu yake. Kimebaki kisiki kimoja cha mnyaa, ambacho wanadhani kilikuwa cha langoni. Kwa hiyo pa kurudishia jiwe la mzee Masunga, na pa kuweka la mwanawe, wanategemea kumbukumbu yangu mimi peke yangu.

Haya niliyoandika nimeyaandika kama yalivyonikaa. Kama fundi wa Nyakabindi hakuwa Sayi bali kaka yake, au kama dereva wa lori alisema vingine pale Mwanhuzi, mtanisahihisha mkinikuta, na sitakasirika. Ila kuna moja naliomba kwa haraka. Kama yupo anayesoma hapa aliyewahi kuingia zizini kwa Masunga pale Kimali, kuchanja ng'ombe, kununua, hata kuiba, sitauliza, na anakumbuka lile jiwe lilikuwa kushoto mwa lango na si kulia, aje aniambie. Nimeshamwambia Limbu ni kulia. Na pamba ya Jilala imeanza kupasuka.